Hali ya Macho na Hali ya Mkono

Vijana wa ofisini mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu kabla sijaanza kusahau. Vyeo sitavitaja. Vilikuja kwa kuchelewa, na kile cha mwisho kilikuja na kiti chenye mguu mbovu ambacho bado mnacho hapo pembeni ya kabati. Nitawaeleza habari za herufi moja, herufi ya R, ambayo nimefanya nayo kazi karibu umri wangu wote wa utumishi na mpaka leo masikio yangu hayaijui vizuri.

Mimi, Kabula, ni Msukuma wa Tinde. Kiswahili nilikikuta shuleni, kama nilivyozikuta chaki na kengele. Nikawa mwalimu, nikafundisha sayansi kwa vitabu vya Kiingereza nilivyovielewa nusunusu, na watoto wakanielewa nusu ya hiyo nusu. Tuliimba majibu, mtihani ukapita, tukaendelea kuishi. Kisha ikaja amri kwamba shule zote za msingi zifundishe kwa Kiswahili, na ofisi ya elimu mjini Shinyanga ikatafuta walimu wa kuzigeuza kurasa za sayansi. Nikaitwa. Nilidhani nimeitwa kwa ajili ya akili zangu, kumbe nimeitwa kwa ajili ya Kisukuma changu.

Chumba chetu kilikuwa jirani na kiwanda cha kuchambulia pamba. Msimu ukifika, manyoya ya pamba yaliingia dirishani na kutua juu ya wino mbichi, na shule nyingi za mkoa zilipokea kurasa zenye ndevu. Tulikuwa na taipureta moja, mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono, na kichupa cha dawa ya kufutia makosa kwenye stensili, ambayo harufu yake ilitosha kumlevya mtu kabla ya saa nne. Mkubwa wa chumba alikuwa Mzee Sefu, mzaliwa wa Pangani, mtu mfupi, msafi, aliyevaa kofia ya kufuma na kuyapenda maneno kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe.

Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha bila kunikaribisha kiti akaniambia, "Sema: rula, lori, karai."

Nikasema.

"Umesema lula, loli, kalai."

"Ndivyo nilivyosema, mzee. Lula, loli, kalai."

Alicheka mpaka akashika meza. Nilikasirika, lakini nilikuja kulipiza. Yeye naye alijifunza kusalimia Kisukuma, na kila alipotaka kuwaambia wazee sokoni "mhola", yaani salama, ulimi wake ulitoa "Mola". Wazee wa Kikristo wakawa wanamjibu "Amina." Akaniuliza kwa nini watu wa huku ni wacha Mungu kiasi kile, nami nilikaa karibu mwaka mzima bila kumwambia.

Jambo kubwa alilonifundisha ni namna ya kuupima ukurasa. Tuliita kwenda na kurudi. Ukishaandika ukurasa wako wa Kiswahili, unaupeleka darasani, mwalimu anaufundisha. Halafu unamchukua mtoto mmoja, unamwambia amsimulie mwenziwe kwa Kisukuma kile alichofundishwa. Mimi nasikiliza, naurudisha ule usimulizi kwenye Kiswahili, na Mzee Sefu anaandika. Kilichorudi kikifanana na kilichokwenda, ukurasa umepona. Kikirudi kitu kingine, tunaurudisha mezani. Hatukuwa tukiwapima watoto. Tulikuwa tukijipima wenyewe, na ni mara chache sana tulipita kwa mara ya kwanza.

Mfano ni ukurasa wa kazi. Tuliandika vizuri kabisa: kitu kikisukumwa au kikivutwa kisisogee, kwa sayansi kazi haijafanyika. Tukaupeleka Kishapu. Mtoto mmoja akamsimulia mwenziwe, nami nikamrudishia Mzee Sefu: "Mwalimu anasema ng'ombe wa baba ni wavivu." Kumbe wiki ile plau ya baba yake ilikuwa imenasa kwenye udongo mweusi wa mbuga. Ng'ombe walivuta mpaka wakapiga magoti, na plau haikutoka. Mchana ule ule baba mwenyewe akafika shuleni na fimbo yake.

"Ng'ombe wangu wametoa jasho hivi, mnasema hawajafanya kazi? Nyie mnaoandika mmekaa, ndio mmefanya?"

Tuliondoka na ukurasa wetu. Njiani Mzee Sefu alisema sayansi haina huruma, lakini sisi tunayo, kwa hiyo tuandike kwa huruma. Ukurasa wa pili ulisomeka hivi: ng'ombe wamechoka, tena sana, ila ukiiuliza plau, plau itasema kazi bado. Ukaenda, ukarudi mzima. Mimi mwenyewe siku ile ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nimewaimbisha watoto kwa miaka. Nilitembea kurudi nyumbani nikitazama kila kitu njiani, mikokoteni, ndoo vichwani, mtoto anayevuta mbuzi, najiuliza nani kasogeza nini. Dunia ilikuwa imefunguliwa upande mmoja, nami nachungulia.

Sasa nije kwenye ile herufi.

Tulifika ukurasa wa barafu na joto. Nawaomba mnisikilize vizuri hapa, maana hata leo nikiufikiria mwili unanisisimka. Ukiweka barafu kwenye sufuria juu ya moto, joto linaingia. Barafu inayeyuka. Lakini kipimajoto ukikitumbukiza humo na kukoroga, zebaki yake haipandi. Moto unawaka, joto linaingia, zebaki imesimama kama mlinzi, mpaka kipande cha mwisho cha barafu kiishe. Kuna vitu viwili hapa: joto linaloingia, na ule ukali wa joto unaopimwa. Vitu viwili vinataka maneno mawili, na Mzee Sefu aliyapata. Kinachoingia tukakiita joto. Kinachopimwa akakiita hari, neno zuri la pwani, la fukuto na jasho. Na kile kinachogeuka, kuwa barafu au maji au mvuke, tulikuwa tumeshakiita hali. Akaandika sentensi yake akaipigia mstari kwa rula, au kwa lula: *Barafu inapoyeyuka, hali inabadilika, hari haibadiliki.*

Alinisomea kwa sauti, mara mbili, anaionja. Mimi nilisikia: hali inabadilika, hali haibadiliki. Nilimwambia. Akasema, "Sikiliza, binti. Hali. Hari." Nikasikiliza. Nilisikia mtu anasema neno moja mara mbili. Aliona namfanyia mzaha, labda namlipizia tena habari za rula, akaipeleka stensili kwenye mashine.

Miaka ile kurasa zetu zilikwenda pia upande wa Geita, ingawa kiserikali walikuwa watu wa Mwanza. Huko, kwenye shule moja karibu na mashimo ya mgodi uliofungwa, kulikuwa na mwalimu kijana, Perpetua, Msumbwa wa Ushirombo. Alikuwa mwembamba, sauti yake ndogo, rozari mfukoni. Alikuwa bado hajathibitishwa kazini. Mkaguzi alikuwa amemkagua mara moja, akaandika kwamba wanafunzi wake wanaimba bila kuelewa. Angeanguka mara ya pili, angefunga sanduku. Nilipofika shuleni kwake kwa ajili ya kwenda na kurudi, nilikuta ukaguzi wake wa pili ni kesho yake, na somo alilolichagua ni ule ukurasa wa barafu.

"Shikamoo, Mama Masanja," aliniambia, akinipokea mzigo.

"Marahaba, mwanangu. Kwa nini umechagua huo? Kuna ukurasa wa mbegu pale, hauna matata."

"Nimeupenda," akasema. "Nimeusoma nikashangaa. Nikasema kama nitaondoka, niondoke nikiwa nimefundisha kitu nilichokishangaa." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Baba mdogo ameshasema. Nikirudi Ushirombo safari hii, siendi kufundisha tena. Naozwa."

Barafu nilikuwa nimeichukua Mwanza kwa wauza samaki, nikaifungia ndani ya gunia la pamba ya Kishapu, nikavuka nayo kwenye kivuko abiria wote wakinitazama. Mama mmoja alinihurumia. "Mayu, mama yangu, unaifunika blanketi, si itayeyuka upesi?" Asubuhi ya ukaguzi nilipolifungua gunia mbele ya darasa, barafu ilikuwa imepungua lakini ipo, inatoa moshi wake mweupe, na watoto walirudi nyuma kwa pamoja mpaka madawati yakalia. Walikuwa wanaijua mvua ya mawe, lakini hawakuwahi kuona jiwe la mvua kubwa kama tofali, tena limelala kwenye pamba. Wa kwanza kusogea karibu hakuwa mtoto. Alikuwa mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mtu wa Kilwa, mrefu, mwenye adabu, suruali imepigwa pasi. Alirudi kukaa nyuma ya darasa. Mimi nilikaa karibu naye, na sheria ilikuwa mgeni hafungui mdomo.

Perpetua alianza vizuri. Akawasha jiko la mkaa, akaweka sufuria, barafu ndani. Akaandika ubaoni sentensi ya Mzee Sefu, herufi nzuri, R imesimama wima. Kisha akaisoma.

"Barafu inapoyeyuka, hali inabadilika, hali haibadiliki. Wote!"

"Balafu inapoyeyuka," darasa likaitikia kwa furaha, "hali inabadilika, hali haibadiliki!"

Kalamu ya mkaguzi ilisimama. Akainua mkono, akaomba ruhusa ya kuuliza, akamchagua msichana wa dawati la mbele, Nkwimba.

"Nkwimba, kinachobadilika ni nini?"

"Hali."

"Na kisichobadilika?"

"Hali."

"Kitu kilekile?"

Nkwimba alitazama ubaoni, akamtazama mwalimu wake, akasema kwa unyonge, "Ndiyo."

Mkaguzi hakucheka wala hakukaripia. Aliandika kitu, na nilijua ni nini, kwa sababu kilikuwa kimeshaandikwa mara ya kwanza: wanaimba bila kuelewa. Macho yangu yaliona ubaoni maneno mawili, masikio yangu yalisikia moja, na katika darasa lile lote mtu pekee ambaye angeweza kuyasikia mawili alikuwa yule mwenye kalamu. Hata ningeruhusiwa kusimama, ningesema nini? Ningesema, "Bwana Mkaguzi, si hali, ni hali."

Mkono wa Perpetua ulikuwa mfukoni kwenye rozari. Kisha akaugeukia ubao, na badala ya kuisoma ile sentensi tena kwa nguvu, kama sisi walimu tunavyofanya tukiwa hatujui la kufanya, akaifuta yote kwa kiganja chake.

"Nkwimba, njoo hapa. Tia mkono kwenye sufuria. Macho yako yanaona nini?"

"Balafu inakuwa maji."

"Mkono wako unasikia nini?"

"Baridi."

"Ngoja kidogo. Koroga. Barafu imebaki kiasi gani?"

"Imepungua. Imekuwa nusu."

"Na baridi? Imepungua?"

Nkwimba alifikiri. "Yaya," akasema, akisahau kwamba Kisukuma kilikuwa kimekatazwa darasani. "Hapana, mwalimu. Ni ileile. Lakini mkono umekufa ganzi."

"Toa mkono. Mkono wa mtu unachoka, kwa hiyo wenzetu wametengeneza mkono wa kioo, hauchoki." Akakitumbukiza kipimajoto changu, kile kimoja tulichokuwa nacho ofisini. "Sasa niambieni. Hali ya macho?"

"Imebadilika!"

"Hali ya mkono?"

"Haijabadilika!"

Akawaita wawili wawili kuja kusoma zebaki. Sifuri. Akapuliza mkaa mpaka ukawa mwekundu. Wakaja wengine. Sifuri. Watoto walikuwa wanatazama moto, wanatazama barafu, wanatazama kile kiuzi cha zebaki kisichotaka kusikia la mtu.

Ndipo Nkwimba, ambaye bado alikuwa anaupuliza mkono wake, akauliza, "Mwalimu, zebaki haijasogea. Basi moto haujafanya kazi? Kama wale ng'ombe?"

Walikuwa wameshafundishwa ukurasa wa plau. Nilijishika mdomo.

"Usiiulize zebaki," Perpetua akasema polepole, na niliona kabisa kwamba anaelewa huku anasema. "Iulize barafu. Barafu imekaa pale pale?"

"Inakwisha, mwalimu!"

"Basi moto ulikuwa kazini muda wote. Ulikuwa ndani ya barafu unaifungua. Ukimaliza kazi hiyo, utarudi kwenye zebaki."

Na kweli. Kipande cha mwisho kilipopotea, zebaki ikaanza kutambaa. Darasa lilipiga kelele kama mpira umeingia golini. Msichana mmoja wa nyuma alisema kwamba hata dhahabu ya baba yake nyumbani iko hivyo hivyo, inakataa, inakataa, halafu ghafla ni maji. Baba yake hakuwa na kibali cha dhahabu, kwa hiyo wote tuliokuwa watu wazima tulitazama dirishani kwa muda.

Mkaguzi alikuwa ameacha kiti chake bila mimi kujua. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, suruali yake ya pasi kwenye vumbi, pua yake karibu na kioo.

"Bibi Perpetua," akasema bila kuinuka, "kwa nini umeifuta sentensi ya mwongozo?"

Aliniangalia kwanza, kama anayeniomba radhi. "Kwa sababu ni nzuri kwa macho tu, Bwana Mkaguzi. Sikio letu huku lina mlango mmoja. Hayo maneno mawili yakifika, yanaingia kama mtu mmoja."

Mkaguzi alikitazama tena kipimajoto. Mimi nilikuwa nasali, na mimi si mtu wa kusali mchana.

"Mimi nilisoma mambo haya chuoni," mkaguzi akasema hatimaye. "Nilipata alama nzuri." Akainuka, akajipangusa magoti. "Mna barafu nyingine?"

Ilikuwepo. Perpetua alifundisha somo lile mara ya pili, na safari hii mkaguzi ndiye aliyepuliza mkaa. Barua ya kuthibitishwa ilifika kwa njia zake za kawaida, yaani kwa kuchelewa, lakini sote tulishajua siku ile.

Nilirudi Shinyanga na kumsimulia Mzee Sefu. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia imewekwa mezani. Akasema tena, kwa upole sana, "Hali. Hari. Kweli husikii?"

"Sisikii, mzee. Wallahi si mzaha."

Alinitazama kama ananiona siku hiyo. Nadhani ilimshangaza kuliko barafu, kwamba watu wawili wanaweza kukaa meza moja miaka yote ile, wakila mihogo sahani moja, kila mmoja ndani ya masikio yake. Akachukua stensili mpya, akaniachia mimi taipureta. Tukaandika hali ya macho na hali ya mkono. Ukurasa ulikwenda, ukarudi mzima, Tinde, Kishapu, Kahama, kote. Walimu wa mjini waliucheka. Watoto hawakuucheka.

Baadaye vilikuja vitabu vipya kutoka Dar es Salaam, na mabingwa wa huko walikuwa wamekata shauri kwamba kinachopimwa kiitwe halijoto. Mzee Sefu alikuwa ameshastaafu, amerudi Pangani. Nilimpelekea salamu kwa mtu aliyekuwa akienda Tanga kwamba neno lake limeachwa. Akanijibu kwa mtu yule yule: "Mwambie Kabula nimekubali. L imeshinda. Lakini nasikia bado anasema loli." Hizo ndizo salamu zake za mwisho kwangu. Alikuwa amekwisha kufa nilipopata nafasi ya kumjibu, na nilimlilia kama baba yangu.

Mlinifanyia sherehe ya kuniaga mwezi uliopita, na nawashukuru, wabeja sana. Mtakumbuka wasemaji walikuwa wengi na soda zilikuwa za moto. Wengi wenu hamkuelewa kwa nini nilitoka nje wakati wa msemaji mmoja, yule mama mnene mwenye miwani, mwalimu mkuu kutoka Geita. Hakuwa na karatasi. Sauti yake siku hizi inafika mpaka barabarani. Aliinuka, akaja moja kwa moja mezani kwangu, akavua miwani, akanitazama mvi zangu na mikunjo yangu bila haraka, kama mtu anayesoma kipimajoto.

"Shikamoo, Mama Masanja," akasema. "Hali ya macho imebadilika."

Halafu akanishika mkono, akaushikilia.